Binti yangu ni Mwislamu na amechaguliwa chuo cha kanisa: asaini fomu yao au asisaini?

SWALI: Asalaam aleikum. Binti yangu amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), na amechaguliwa kusoma shahada ya uuguzi katika chuo kikuu cha kanisa, mbali na hapa kwetu Tanga. Kwenye fomu ya kujiunga kuna mahali pa kusaini kwamba "nitahudhuria ibada za chuo na kuishi kwa kufuata maadili ya Kikristo." Baba yake hataki kusikia. Mjomba wake anasema hata Marekani kuna mwalimu wa chuo cha Kikristo aliyefukuzwa kwa kuvaa hijabu. Binti mwenyewe analia, anataka kwenda. Je, akisaini tumemtoa kwenye dini yake? Watamvua hijabu? Au asubiri mwaka ujao aombe kwingine? (Mama mzazi, Tanga)

JIBU: Waaleikum salaam, mama.

Nianze na jibu lenyewe, maana najua dirisha la kuthibitisha udahili halimsubiri mtu. Aende. Ila asisaini kwanza. Aombe kitabu cha kanuni za wanafunzi akisome chote, aulize kwa maandishi mambo matatu nitakayoyataja huko chini, naye ajibiwe kwa maandishi. Akijibiwa vizuri, saini ile haimtoi kwenye dini yake. Akizungushwa, hapo baba yake ana haki ya kukataa, nami nitakuwa upande wake.

Mimi ni Mkristo, na kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa ulezi wa wanafunzi katika chuo cha kanisa. Wazazi wa Kiislamu walikuwa wakija ofisini na fomu kama hiyo mkononi, na wengi waliondoka bila kuuliza lile lililowaleta. Wengine waliona haya, wengine waliogopa mtoto asije akawekewa alama kabla hata hajaingia darasani. Ndiyo maana nakujibu kwa kirefu.

Hofu ya baba yake isidharauliwe. Kabla serikali haijataifisha shule za misheni mwaka 1969, mahali pengi nchini njia ya kwenda sekondari ilipita kwenye mlango wa kanisa. Wapo wazee walio hai leo waliobatizwa wakiwa wanafunzi na kupewa majina mapya, na wapo ambao wazazi wao waliona ni heri mtoto akose shule kuliko apotee. Familia za pwani zinayakumbuka hayo, na anayewaambia wasahau hajui alichowaomba. Mzee anapoona neno "ibada" kwenye fomu ya chuo, anasoma na ile miaka pia.

Lakini vyuo vikuu vya kanisa vya leo vimesimama juu ya msingi mwingine. Vilianza kuota nusu ya pili ya miaka ya 1990, baada ya sheria ya elimu kurekebishwa mwaka 1995 na kuruhusu watu binafsi na mashirika ya dini kufungua vyuo vikuu. Vinasimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kama vyuo vingine vyote. Mwanafunzi wake anakopeshwa na Bodi ya Mikopo sawa na mwenzake wa Mlimani au wa Muhimbili. Kwa upande wa uuguzi na udaktari jambo hili liko wazi zaidi: Bugando kule Mwanza na KCMC kule Moshi ni hospitali zenye mizizi ya kanisa, na papo hapo ni hospitali za rufaa za kanda. Mgonjwa anayelazwa pale haulizwi dini yake. Kwa hiyo chuo kinachopokea ada iliyolipwa kwa fedha za umma, na kinachofundisha wauguzi watakaowahudumia watu wa dini zote, hakimfadhili binti yako kwa kumpokea. Ni mwanafunzi wake, basi. Mwambie aingie langoni akiwa na moyo huo, asiingie kama mtu aliyekuja kuomba hifadhi.

Sasa ile fomu. Sentensi moja imebeba vitu viwili, na kipo cha tatu ambacho haikukitaja lakini ndicho hasa baba yake anachokiogopa.

Kuna mwenendo. Hapa chuo kina haki ya kuweka masharti, na kwa kweli mengi utayapenda. Pombe marufuku, sigara marufuku, wavulana hawaingii mabweni ya wasichana, nguo za kubana na za mgongo wazi hazivaliwi darasani. Kwenye vyuo vya Wasabato utakuta hata nyama ya nguruwe haipikwi, na sehemu nyingine jikoni hakuna nyama kabisa. Katika miaka yangu yote waliokuwa wakigombana na kanuni za namna hii walikuwa Wakristo wenyewe: kijana wa Kilutheri aliyezoea bia yake moja siku ya Jumamosi, binti wa mjini aliyeambiwa suruali yake haifai, msanii mwenye rasta aliyetakiwa kuzikata. Watoto wa Kiislamu waliolelewa vizuri walizipita kanuni hizo bila hata kuziona. Hapo "maadili ya Kikristo" hayana ugomvi na nyumba yako.

Hata hivyo kanuni za mwenendo zisomwe kwa makini mahali pamoja: ujauzito. Vipo vyuo vinavyomtoa bwenini au kumsimamisha masomo msichana aliyepata mimba nje ya ndoa, na mvulana husika anaendelea na vipindi kama kawaida. Nililipinga jambo hilo nikiwa kazini na nalipinga leo. Serikali yenyewe, kwa waraka wa Novemba 2021, iliwafungulia wanafunzi waliojifungua warudi mashuleni. Chuo kikuu chenye watu wazima kisiwe kikali kuliko shule ya kata. Simtabirii binti yako lolote baya, mama. Nasema hivyo kwa sababu namna chuo kinavyomtendea msichana aliyeanguka itakuonyesha namna kitakavyomtendea yeyote asiyefanana na picha waliyoichora wao.

Cha pili ni kuhudhuria. Vyuo vingi vya kanisa vina ibada ya pamoja mara moja au zaidi kwa wiki, na baadhi huandika mahudhurio. Kukaa kwenye ukumbi na kusikiliza si kusali. Binti yako anaweza kuketi kwa adabu wimbo unapoimbwa, asipige goti, asifanye ishara ya msalaba, asiende mezani kupokea komunyo. Hilo la mwisho hata Wakristo wa madhehebu mengine hawalifanyi katika Kanisa Katoliki, kwa hiyo hatakuwa peke yake kwenye benchi. Ila hapa ndipo vyuo vinapotofautiana sana. Kuna vinavyomwachia asiye Mkristo hiari ya kuhudhuria, kuna vinavyompa kipindi cha maadili mahali pa ibada, na kuna vinavyokata alama au kumnyima barua ya tabia njema asiyehudhuria. Huwezi kujua chuo chenu ni cha aina gani kwa kusoma fomu. Lazima uulize.

Cha tatu ni kukiri, yaani kutamka kwa kinywa au kuandika kwa mkono kwamba unaamini usichokiamini. Hapo ndipo pa kusimama. Kwa maneno uliyoninukulia, fomu haimtaki akiri chochote, na ndiyo maana nimekuambia aende. Ingekuwa imeandikwa "ninamkiri Yesu Kristo kuwa Bwana na Mwokozi wangu," ningekuambia rudisheni fomu leo hii, tena si kwa ajili ya Uislamu wake tu. Saini ya namna hiyo ni uongo mbele ya Mungu kwa anayeiweka, na ni dhambi kwa anayeidai ili atoe nafasi ya masomo.

Sheria inasemaje? Ibara ya 19 ya Katiba yetu inampa kila mtu uhuru wa imani na uchaguzi katika mambo ya dini, na inasema wazi kwamba kufanya ibada na kueneza dini ni jambo la hiari ya mtu binafsi. Katiba ya Kenya ya 2010 imekwenda mbali zaidi: ibara ya 32 inakataza mtu kunyimwa nafasi katika taasisi yoyote kwa sababu ya dini yake, na inakataza kumlazimisha mtu kutenda jambo lililo kinyume cha imani yake. Lakini usidhani kuwa na ibara nzuri kunamaliza kazi. Pale Isiolo, mwaka 2014, lililetwa ombi kwamba wasichana wa Kiislamu katika sekondari moja ya umma inayofadhiliwa na Kanisa la Methodisti waruhusiwe kuvaa hijabu. Kanisa likaenda mahakamani. Mahakama Kuu ikalipa ushindi kanisa mwaka 2015. Mahakama ya Rufaa ikaupindua mwaka 2016 na kuagiza shule irekebishe kanuni zake za sare ili wenye sababu ya dini waachiwe. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo nayo, sehemu kubwa kwa sababu ya namna madai yalivyofikishwa mahakamani. Karibu miaka mitano, na wasichana waliokuwa kidato cha kwanza kesi ilipoanza walikuwa wameshamaliza shule. Ninakueleza haya ili uone kwa nini nakusukuma uulize leo kwa barua, usisubiri kuja kutafuta wakili.

Hukumu ile ya 2016, ijapokuwa ilitenguliwa na haiifungi Tanzania, ina hoja moja ambayo ningependa kila mlezi wa wanafunzi aifahamu: kanuni inayowahusu wote sawasawa inaweza kumwumiza mmoja peke yake. "Kila mwanafunzi ataacha kichwa wazi" haimgusi Mkristo hata kidogo, lakini inamlazimisha Mwislamu achague kati ya shule na dini. Wasabato wanaijua hoja hiyo kwa uchungu wao wenyewe. Mtihani ukipangwa Jumamosi, Mkatoliki anafanya, Mpentekoste anafanya, Msabato anafeli. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ya Kenya iliwapa haki Wasabato katika kesi yao kuhusu wanafunzi na siku ya Sabato. Nimeona mwenyewe linavyowezekana: mwanafunzi analeta barua ya mchungaji wiki kadhaa kabla, siku ya mtihani anakaa tangu asubuhi chini ya uangalizi bila simu na bila kuonana na waliokwisha fanya, jua likizama anapewa karatasi ile ile. Msimamizi analalamika kidogo kuhusu chakula chake cha jioni, na mambo yanakwisha. Chuo kinachoweza kumfanyia hivyo Msabato hakina udhuru wa kumpangia binti yako mtihani saa saba mchana siku ya Ijumaa kisha kusema ratiba imefunga.

Hijabu. Kwa darasani, vyuo vingi vya kanisa hapa nchini havina shida nayo, na ukipita kwenye viwanja vyao utawaona wasichana wa mtandio wakitembea na vitabu kama wengine. Kwenye wodi ni mambo ya usafi na wala si ya dini. Muuguzi anatakiwa mikono iwe wazi kuanzia kwenye kiwiko mpaka vidoleni wakati wa kumhudumia mgonjwa ili anawe vizuri, na asiwe na kitambaa kinachoning'inia kikagusa kidonda au dripu. Mtandio mfupi mweupe, uliochomekwa ndani ya sare, unatosha; hospitali zetu za serikali zimejaa wauguzi waliovaa hivyo. Chumba cha upasuaji kila mtu anafunika nywele, hata daktari bingwa, na kofia pana inayofunika mpaka masikio na shingo ipo. Suala la mikono ndilo litakalomsumbua kuliko la kichwa, kwa hiyo azungumze nalo mapema na mwalimu wake wa vitendo, na pia na shekhe mnayemwamini hapo Tanga, ili asije akalikuta mbele ya kitanda cha mgonjwa kwa mara ya kwanza.

Mjomba wake yuko karibu na ukweli, ila hakuufikia. Anayemsema ni Larycia Hawkins, mwalimu wa sayansi ya siasa katika Chuo cha Wheaton, jimbo la Illinois. Yeye ni Mkristo. Desemba 2015, wakati Waislamu wa Marekani walipokuwa wakitukanwa kila upande, alitangaza kwamba atavaa hijabu kipindi chote cha Majilio, yaani majuma ya kungojea Krismasi, ili asimame nao, akaandika kwamba Wakristo na Waislamu wanamwabudu Mungu mmoja. Chuo kikamsimamisha. Kilisema tatizo si hijabu bali ni yale maneno kuhusu Mungu, kwa sababu walimu wote wa pale husaini tamko la imani. Februari 2016 wakaachana kwa makubaliano. Kwa maoni yangu chuo kilimkosea. Mwalimu aliyewatetea majirani zake alistahili kujibiwa kwa mjadala. Lakini ona tofauti: yule alikuwa mwalimu aliyesaini kukiri, na binti yako ni mwanafunzi asiyeombwa kukiri. Tena Ukristo una nyumba nyingi. Georgetown, chuo cha Wajesuiti mjini Washington, kiliajiri imamu wa kudumu kwa wanafunzi wake Waislamu tangu mwaka 1999. Vyote viwili ni vyuo vya Kikristo. Jina la kanisa kwenye lango halikuambii vya kutosha.

Kama chuo chenu ni cha Kikatoliki, kuna jambo la kukusaidia. Waraka wa Papa Yohane Paulo wa Pili wa mwaka 1990 kuhusu vyuo vikuu vya Kikatoliki, Ex Corde Ecclesiae, unaagiza kwamba mafundisho ya Kikatoliki yaongoze shughuli za chuo, na katika sentensi hiyo hiyo unasema uhuru wa dhamiri wa kila mtu uheshimiwe kikamilifu. Utaje kwa upole kwenye barua yako. Padre mlezi ataujua. Kama ni cha Wasabato, wakumbushe kwamba kanisa lao limepigania uhuru wa dini tangu karne ya 19, kwa sababu lenyewe lilikuwa dogo kati ya makubwa.

Nimeacha kwa makusudi jambo ambalo wazazi hawaliulizi, nalo ndilo lililoniletea machozi mengi zaidi ofisini. Shinikizo haliji kutoka ofisi ya mkuu wa chuo. Linakuja kutoka kitanda cha juu. Msichana wa mwaka wa pili, ameokoka miezi michache iliyopita, moyo unawaka, anakaa chumba kimoja na mwenzake asiye Mkristo na anaamini kabisa kwamba Mungu amempa kazi. Saa kumi usiku anaamka kuomba kwa sauti. Anaacha vitini vya injili juu ya mto wa mwenzake. Mwenzake akiugua malaria anaambiwa ni mapepo, wanaitwa watu wa kikundi cha maombi, wanamwekea mikono bila kumwuliza. Hakuna kanuni ya chuo iliyovunjwa waziwazi, na hakuna mwenye nia mbaya, lakini mtoto wa watu halali. Nilikuwa nawaita viongozi wa vikundi vya wanafunzi, wa CASFETA ya Wapentekoste na wa TMCS ya Wakatoliki, nikawaambia kitu kimoja: kushuhudia ni kwa anayekubali kusikiliza, na akisema "hapana, asante," hapana hiyo ni ya mwisho, haiombewi ibadilike mbele yake. Wengi walielewa. Kwa wachache tulibadilisha chumba, na aliyehamishwa alikuwa yule anayesumbua. Kwa hiyo binti ajue tangu wiki ya kwanza ofisi ya mlezi iko wapi, aende mapema kabla hajachoka, na aulize kama TAMSYA au jumuiya nyingine ya wanafunzi wa Kiislamu ina tawi pale.

Na wewe, mama, kuna jambo lako. Binti ni mtu mzima. Atasikia mahubiri, atasoma somo la maadili au la dini lililo kwenye mtaala, atakuwa na rafiki Mkristo atakayempenda. Hilo halizuiliki hata akisoma Mlimani. Msimtume na maonyo peke yake. Mtumeni na elimu ya dini yake ya kutosha kujibu anapoulizwa kwa nini anafunga au kwa nini anajifunika. Waliokuwa wakitikisika ofisini kwangu ni wale waliojua makatazo tu. Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro nacho kina wanafunzi Wakristo, na wazazi wao hukaa na mashaka kama yenu. Ningewaambia maneno haya haya.

Barua iandikwe na binti mwenyewe, kwa Mlezi wa Wanafunzi, nakala kwa msajili, itumwe kwa baruapepe ili ibaki na tarehe. Ajitambulishe: jina, namba ya mtihani, kozi, kwamba ni Mwislamu na amefurahi kuchaguliwa. Kisha aulize. Je, mwanafunzi asiye Mkristo analazimika kuhudhuria ibada, na akihudhuria, inatosha akiketi kwa heshima bila kushiriki. Na asipohudhuria, kuna adhabu gani? Je, mtandio unaruhusiwa darasani, wodini na chumba cha upasuaji, na wa rangi na urefu gani? Je, swala ya Ijumaa, mahali pa kuswali, na daku na futari wakati wa Ramadhani vinapangwaje kwa wakazi wa bweni? Amalizie kwa kusema yuko tayari kufuata kanuni zote za mwenendo, na kwamba atasaini fomu akishapata majibu. Asibembeleze wala asitishie.

Awape siku tatu nne. Wakinyamaza, baba yake apige simu yeye, aongee na mlezi kama mzazi na mzazi mwenzake, halafu aombe yaliyosemwa yaandikwe. Majibu yakija, ayachapishe na kuyabana nyuma ya nakala ya fomu aliyoisaini, na kwenye fomu yenyewe, pembeni ya saini, aandike kwa mkono: "Nimesaini kwa kuzingatia barua ya chuo ya tarehe fulani." Baada ya hapo ndipo aingize namba ya siri ya TCU na kuthibitisha. Kama kuna chuo kingine kilichomchagua, asikiachie kabla ya siku hiyo.